Kuhamia baiskeli nyepesi ya shokapu mbili: fremu, upepo na vumbi la Mbeya

Anayeshuka kwenye baiskeli ya alumini ya kilo 14 yenye shokapu ya mbele tu, akapanda ya kaboni ya shokapu mbili yenye kilo 11, mara nyingi anategemea mlima ulale. Haulali. Chukua mpandaji wa kilo 72 anayetoa wati 200 na kupanda mwinuko wa mita 1,000. Zamani alisukuma jumla ya kilo 86, sasa anasukuma 83. Ukiacha kando msuguano wa tairi na upepo wa usoni, muda unatoka dakika 70 kuja karibu 68. Dakika mbili na ushei, basi, kwenye mpando wa aina ya ule wa Chimala kwenda Matamba na kona zake 57. Kwenye mashindano dakika mbili ni nyingi. Kwa mtu wa Jumamosi ni muda wa kumenya ndizi.

Kinachobadilika kweli ni kule lami inakoishia. Njia za msitu wa Sao Hill zilizochimbwa na malori ya magogo, barabara za mashamba ya chai Mufindi zenye mawimbi madogo madogo, mizizi ya kuelekea Ziwa Ngozi, changarawe nyepesi ya volkano kwenye milima ya Uporoto: huko gurudumu la nyuma lisilo na shokapu linarukaruka, na likiwa hewani halisukumi. Unasimama kwenye pedeli, mshiko unapotea, pumzi inakatika. Shokapu ya nyuma inaliacha gurudumu lifuate ardhi huku wewe umekaa unakanyaga. Lakini faida hiyo ipo tu kama shokapu imejazwa upepo sawasawa na beringi za viungo vyake ni nzima. Kwa hiyo gramu nitazigusa kidogo. Upepo, beringi na vipuri ndivyo vitakula nafasi.

Soma namba kabla ya rangi

Baiskeli za mbio za nyika siku hizi zina shokapu inayocheza milimita 100 hadi 120. Kwa nyanda hizi chukua 120 mbele na kati ya 110 na 120 nyuma. Ile ya 100 ni nyepesi na ina haraka, ila kwenye mteremko mrefu wa mawe itakuchosha mikono kabla hujafika chini.

Baada ya hapo angalia vipimo vya viungo, kwa sababu ndivyo vitakavyoamua kama mwaka kesho utapata kipuri au utaigeuza fremu kuwa pambo la ukutani. Ekseli ya nyuma iwe ya milimita 148 kwa 12, ya mbele 110 kwa 15. Hivi ndivyo vipimo vilivyoenea. Beringi za krengi ziwe za kukaza kwa nyuzi kwenye kopo la milimita 73, si za kugongelewa. Za kugongelewa hulia vumbi likiingia, na kuzitoa kunahitaji kifaa ambacho fundi wengi wa Mwanjelwa hawana sababu ya kukinunua. Shokapu ya nyuma iwe ya kipimo cha kawaida, mfano 190 kwa 45: namba ya kwanza ni urefu kutoka tundu hadi tundu, ya pili ni kiasi inachoingia. Fremu zenye shokapu ya umbo la peke yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya fremu hiyo tu, ziepuke hata zikipunguzwa bei nusu.

Kingine ni hanga, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika direlia (ule mkono unaohamisha cheni nyuma). Kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi, kipinde chenyewe kabla fremu haijavunjika. Mwaka 2019 kampuni ya vipuri ya SRAM walitoa hanga ya umbo moja kwa fremu za kampuni nyingi, inaitwa UDH. Fremu ikiwa nayo, shida ya kutafuta hanga ya kampuni fulani ya mwaka fulani imekwisha. Nunua mbili siku hiyo hiyo.

Wengi huku watanunua mtumba, na si vibaya. Ila kaboni haikunjiki ikakuonya. Inapasuka ndani na nje pabaki pazuri. Osha fremu kwanza, kisha ichunguze kwenye mwanga wa jua: chini ya krengi, pande zote mbili za mikono ya nyuma, pale shokapu inapofungwa, na nyuma ya shingo. Gonga polepole kwa sarafu ukitembea sentimita moja moja. Kaboni nzima inalia kavu, "tik tik". Mahali palipoachana sauti inakuwa butu kama unagonga ubao uliooza. Mstari wa rangi peke yake unaweza kuwa mkwaruzo tu, lakini mstari pamoja na sauti butu ni fremu ya kuachana nayo. Kisha shika siti kwa nyuma, inyanyue kidogo kidogo bila gurudumu kutoka chini. Ukisikia "kwa" ndogo kabla gurudumu halijaanza kunyanyuka, kuna kiungo kimelegea. Weka kidole kwenye kila kiungo huku mwenzako akinyanyua, utausikia mchezo kwenye ncha ya kidole. Mara nyingi ni bushi za shokapu, ambazo ni za bei ndogo. Zikiwa ni beringi, shusha bei kwa gharama ya seti nzima, maana hazibadilishwi moja moja.

Kwa anayeagiza mpya kutoka nje: ushuru unakokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu yake. Zungumza na wakala wa forodha kabla hujalipa, usisubiri mzigo ufike.

Cha zamani kipi kinahama

Pedeli zinahama, nyuzi zake ni zile zile. Siti inahama, na ihamishe hata kama mpya inapendeza zaidi, mwili wako umeshaizoea. Usukani huenda. Magurudumu ya zamani ya milimita 135 hayaingii kwenye 148, na hakuna ujanja wa kistaarabu wa kuyaingiza. Uma (foki ya mbele) wa zamani wenye bomba nyoofu utaingia kwenye shingo pana ukiweka bakuli za kupunguza, lakini huo ni utani: unalipia fremu nyepesi halafu unaifungia mguu mzito wa mbele.

Breki zinahama ikiwa mipira yake ni mirefu ya kutosha, na hapa kuna jambo linalowaponza watu. Breki za Shimano hutumia oili ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT (oili ya breki kama ya magari), ingawa zao mpya kadhaa zimehamia kwenye oili ya madini. Ukitia DOT kwenye mfumo wa madini, sili zinavimba na kuoza. Ukitia ya madini kwenye mfumo wa DOT, vivyo hivyo. Soma maandishi kwenye kifuniko cha kopo la lever, usiulize rafiki. Kwa anayeishi Makete au Ludewa, DOT ina faida moja isiyoandikwa kwenye matangazo: DOT 4 iko kwenye duka lolote la vipuri vya magari. Hasara yake ni kwamba inanyonya unyevu hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa na kukaa miezi mingi ni ya kutupa, na mfumo ubadilishwe oili angalau mara moja kwa mwaka, baada ya masika. Oili ya madini hainyonyi maji, ila maji yakiingia hukaa chini karibu na kaliperi, mahali penye moto kuliko pote. Inunue Dar lita moja, itakutosha miaka.

Pedi ziwe za chuma, si za utomvu, hasa kwa wa Rungwe. Tope la Tukuyu lina mchanga wa volkano ndani yake na linakwangua pedi za utomvu kama msasa. Mteremko mmoja mrefu wa mvua unaweza kuzifikisha kwenye bati. Diski ya 160 inatosha nyuma. Mbele weka 180 ikiwa wewe na mzigo wako mnapita kilo 80, na ikiwa uma unairuhusu. Diski za Shimano zina unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na zikifika 1.5 zitoe. Pedi mpya zizoeze kabla ya safari: kimbia kilomita 20 kwa saa, funga breki moja hadi mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, rudia mara 20, kisha mara 10 kwa kasi ya 30. Asiyefanya hivyo ndiye anayelalamika kwamba breki zinapiga kelele.

Gia za mlima

Sproketi moja mbele na 12 nyuma ndio mpangilio wa kawaida sasa, kaseti (hizo 12 za nyuma kwa pamoja) ikiwa na meno 10 hadi 51 au 52. Baiskeli nyingi zinakuja na sproketi ya mbele ya meno 32 au 34. Kwa gurudumu la inchi 29, meno 32 mbele na 51 nyuma hukusogeza karibu mita 1.44 kwa kila mzunguko wa krengi. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5.2 kwa saa. Meno 34 ni gia ya mtu wa mashindano. Njia ya mawe mwinuko asilimia 15, hewa nyepesi ya mita 2,000 na ushei, chupa mbili za maji: weka 30, upate mita 1.35 kwa mzunguko. Utapoteza kasi kidogo kwenye lami ya kushuka Igawilo, na huko hata hivyo hukanyagi.

Hapa gramu zinadanganya zaidi kuliko kwingine. Kaseti ya XTR (daraja la juu la Shimano) ina karibu gramu 370, ya Deore (daraja lao la kawaida) karibu 590. Tofauti ni kikombe cha maji. Lakini ya XTR ni titani na alumini kwenye meno yale yale unayoyatumia kupanda, na kwa vumbi letu alumini inaisha haraka. Nunua kaseti ya chuma, pesa iliyobaki weka kwenye magurudumu. Anayeishi mbali na maduka anaweza hata kuachana na 12: gia za Shimano za LinkGlide zenye sproketi 11 na meno 11 hadi 50 ni nzito zaidi, ila zilitengenezwa kwa ajili ya kudumu, na zinaingia kwenye friwili ya mtindo wa zamani. Angalia sana hilo la friwili. Kaseti ya 10–51 ya Shimano inahitaji mwili wa Micro Spline, ya SRAM ya 10–52 inahitaji XD, na hakuna inayoingia kwa mwenzake.

Cheni ipime kwa kipimo cha cheni kila wiki mbili. Ikifika asilimia 0.5 ibadilishe siku hiyo. Ukiiacha ifike 0.75 itakuwa imeshatafuna kaseti, na cheni mpya itateleza kwenye meno ya zamani kila unaposimama kwenye pedeli. Kiangazi tumia nta. Unaweza kuitengeneza nyumbani: osha cheni mpya kwa petroli ya kusafishia hadi grisi ya kiwandani itoke kabisa, fanya hivyo nje mbali na moto, iache ikauke, yeyusha mishumaa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya jiko, tumbukiza cheni dakika kumi uichezeshe mpaka viputo viishe, itundike. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo. Ikunje pingili moja moja, ifunge, na vumbi la Chunya halitakuwa na pa kunata. Masika yakianza nta haifai tena, tumia oili ya cheni ya mvua na upanguse kila jioni. Oili chafu ya pikipiki iacheni kwenye pikipiki.

Kupima upepo wa shokapu

Pampu ya shokapu si kitu cha hiari. Ni pampu ndogo yenye geji inayofika psi 300 na mpira mwembamba wa kukaza kwa nyuzi. Pampu ya tairi haifiki huko, na kompresa ya gereji inaingiza upepo mwingi mno kwa mara moja, itapasua sili. Ukikuta fundi ameshika mpira wa kompresa anaelekea kwenye shokapu yako, mwambie taratibu, "Fundi, hiyo niachie mwenyewe."

Anza na psi sawa na uzito wako kwa paundi. Kilo 70 ni paundi 154, basi jaza 155. Usijaze zote kwa mkupuo: tia 60, bonyeza siti mara kumi, tia tena 40, bonyeza tena, endelea hivyo. Ndani kuna chemba mbili, na ile ndogo inayovuta kinyume hupata upepo wake tu shokapu inapoingia na kutoka. Asiyebonyeza hupima 155, akapanda mita mia mbili, na kukuta shokapu imekuwa laini, akadhani inavuja.

Sasa vaa kila unachovaa safarini, begi la maji likiwa limejaa. Egemea ukuta kwa kiwiko, kaa kwenye siti, miguu kwenye pedeli, usirukeruke. Mwenzako asukume kile kimpira cha duara kwenye nguzo ya shokapu hadi kiguse sili. Shuka taratibu, bila kuidundisha, kisha pima umbali ambao kimpira kimeachwa. Kwa shokapu inayoingia milimita 45, unataka milimita 9 hadi 11, yaani asilimia 20 hadi 25. Imezama 14? Ongeza psi 10, bonyeza mara kumi, pima tena. Imezama 6 tu? Umeinunua baiskeli ya shokapu mbili na unaiendesha kama ya moja. Uma wa mbele wa milimita 120 uzame 18 hadi 24. Psi za kuanzia mara nyingi zimebandikwa kwenye mguu wake wa nyuma.

Mambo mawili kuhusu geji. Unapofungua pampu utasikia "psss": huo ni upepo wa kwenye mpira wa pampu, shokapu haijapoteza kitu. Na ukiirudisha pampu kesho kuangalia tu, itasoma chini, kwa sababu shokapu imejaza mpira wa pampu kwanza. Haijavuja. Ukiamua kupima, jiandae kujaza upya.

Halafu kuna mwinuko. Hewa ya nje hapa Mbeya, mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo baiskeli iliyojazwa Dar ikifika huku geji itasoma karibu psi 2.7 zaidi, baridi inarudisha sehemu ya hiyo. Kwa shokapu ya psi 155 ni sifuri. Kwa tairi la psi 20 inahisiwa. Pima tairi ulipo, asubuhi unayoondoka.

Kasi ya kurudi inawekwa kwa kile kitasa, mara nyingi chekundu. Kifunge hadi mwisho upande wa polepole, halafu fungua ukihesabu midundo (kila "tik" ya kitasa ni mdundo mmoja). Shuka ukingo wa barabara wa sentimita 15 ukiwa umekaa: siti ikirudi juu, ikapita kidogo, ikatulia, basi. Ikidunda mara mbili, polepolesha midundo miwili. Kama kwenye mfululizo wa mawimbi baiskeli inazidi kuzama na kuwa ngumu, umepolepolesha mno. Shokapu haipati muda wa kurudi kabla ya tuta linalofuata. Alfajiri za Juni na Julai kule Kitulo, sakitu ikiwa kwenye majani, oili inakuwa nzito na kila kitu kinarudi polepole. Fungua mdundo mmoja au miwili, ukumbuke kuurudisha jua likipanda.

Lever ya kufunga shokapu ni ya lami na barabara laini tu. Ukiisahau imefungwa ukashuka kwenye mawe, vali ya ndani ndiyo inayopokea kipigo.

Vumbi, sili na bomba la sindano

Watengenezaji husema miguu ya uma ifunguliwe na kuoshwa kila saa 50 hadi 125 za kuendesha. Kwa kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, shika 50. Kazi yenyewe si ya kutisha. Toa upepo wote. Legeza bolti za chini za miguu, uziache zimeshika milimita tatu hivi, zigonge kwa nyundo ya plastiki hadi ziachie, kisha zitoe na uvute miguu chini. Oili itakayotoka ikiwa ya kijivu kama maji ya ugoro, ulichelewa. Futa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichozungushiwa kijiti. Loweka pete za sponji zilizo chini ya sili kwa oili ya uma. Rudisha miguu, lakini si hadi mwisho. Laza uma, ingiza oili kupitia matundu ya bolti kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji kwa uma huo, kwa kawaida mililita 5 hadi 20 kila mguu, na miguu miwili huenda isilingane. Funga kwa wosha mpya za bolti. Zile za zamani zimeshabonyea, zitavuja.

Kati ya huduma na huduma kuna hila ya bure: igeuze baiskeli kichwa chini dakika tano kabla ya safari, oili ishuke kwenye sponji. Uma utateleza kama mpya kwa kilomita za kwanza.

Beringi za viungo ni habari nyingine. Namba zake zimechongwa pembeni: 6902 ni ya ndani 15, nje 28, unene 7, 6802 ni 15, 24 na 5, 6800 ni 10, 19 na 5. Maduka ya beringi hapa mjini yamejaa za pikipiki, 6202 na 6301, ambazo hazihusiani. Za viungo vya baiskeli zinapaswa kuwa na neno MAX au alama ya kujaa gololi, bila kile kikapu cha kutenganisha. Sababu ni kwamba kiungo hakizunguki. Kinacheza digrii chache mbele na nyuma, gololi zile zile zinabeba mzigo mahali pale pale, zinachimba vishimo. Gololi nyingi, mzigo unagawanyika. Ya kawaida itakusogeza ile ya MAX ikikosekana kabisa, ila itakufa mapema.

Kuitoa na kuiingiza usitumie nyundo na bisibisi, fremu ya kaboni haisamehe. Tafuta fimbo ya nyuzi ya M8, nati mbili, wosha nene, na soketi mbili: moja pana inayoizidi beringi ili iipokee, nyingine inayokaa juu yake. Unapoingiza mpya, soketi iguse pete ya nje peke yake. Ukisukuma kwa pete ya ndani nguvu inapita kwenye gololi, na beringi mpya imeharibika kabla haijaona barabara. Nyanyua sili kwa sindano, jaza grisi isiyosombwa na maji hadi itokeze, rudisha sili. Bolti za viungo zipakwe gundi ya nyuzi ya bluu na zikazwe kwa spana ya torki kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu. Spana hiyo ni yako, usitegemee kuikuta. Bolti za usukani kwa kawaida ni Nm 5, ekseli 10 hadi 12. Mkono wa fundi aliyezoea nati za Phoenix hupita hapo bila kujua.

Usiipeleke sehemu ya kuosha magari. Maji ya mkandamizo hupenya sili za viungo na kubaki humo. Ndoo, sponji, brashi, sabuni ya vyombo. Anza juu, malizia cheni.

Tairi, kisha basi

Toa tyubu. Weka tubulesi, tairi za 29 kwa 2.35 mbele na nyuma kiangazi, na 2.2 nyuma masika, kwa sababu udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na mikono ya nyuma hadi gurudumu linakwama na kuanza kukwangua kaboni. Bandika utepe mnene wa plastiki hapo kabla ya mvua ya kwanza. Chagua tairi lenye ubavu ulioimarishwa hata likizidi gramu 150: mawe ya Loleza hukata ubavu, na mkato wa ubavu hauzibwi na kitu. Silanti (maji ya kuziba matundu) iwe mililita 90 hadi 120 kila tairi. Hewa kavu huikausha, hivyo kila baada ya miezi miwili tikisa gurudumu sikioni. Usiposikia maji, ongeza. Kwa kilo 70 anza psi 19 mbele na 21 nyuma.

Bado beba tyubu moja ya akiba, kwa kuwa njiani kuelekea Usangu miba ya migunga haina mzaha na tyubu za dukani ni za baiskeli za 28. Ya 29 yenye vali nyembamba hutaipata Chimala. Kabla ya kuiweka pitisha vidole ndani ya tairi lote. Miba iliyozibwa na silanti bado imechomoza humo, itaitoboa tyubu ndani ya dakika moja.

Basi likikupeleka Iringa au Njombe, baiskeli iende kwenye buti imefunguliwa. Hamisha cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, fungua direlia na uifunge kwa kitambaa ndani ya pembetatu ya nyuma, toa magurudumu yote mawili, weka kipande cha mbao kati ya pedi za breki. Kipande hicho ni muhimu: lever ikibonyezwa na gunia la viazi wakati diski haipo, pistoni zinatoka na pedi zinagusana, na utakuwa stendi unazirudisha kwa bisibisi. Laza upande wa kushoto chini, kulia juu. Ukishafunga kila kitu ukifika, simama nyuma ya baiskeli uangalie direlia kwa usawa wa macho. Kama chini yake imeelekea kwenye spoku, usijaribu gia kubwa hata mara moja. Hanga imepinda, na ile ya akiba iko kwenye begi.